Binti kamaliza PCB, anataka kusomea mifupa ya watu wa kale mpaka PhD. Aanze na digrii gani?

Mzee wa Kalenga (mwanzisha uzi)

Kamwene wakuu. Naandika nikiwa Iringa. Naomba mnisaidie kwa moyo, maana dirisha la maombi ya vyuo linakaribia na nyumbani kwangu hatujaelewana.

Binti yangu wa pili amemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), na walimu wake wanatuambia tutegemee matokeo mazuri. Mama yake na wajomba wanataka asome udaktari. Mwenyewe anasema anthropolojia ya kimaumbile, yaani mwili wa binadamu, mifupa yake, asili yake na hao jamaa zake sokwe na nyani. Tena anataka afike PhD. Mwanzoni nilidhani ni mawazo ya kupita, halafu nikakumbuka yalianzia wapi.

Akiwa darasa la tano nilimpeleka makumbusho ya Kalenga. Alisimama mbele ya fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wetu Wahehe aliyepigana na Wajerumani, mpaka nikamshika mkono tuondoke. Njiani akaniuliza, "Baba, walijuaje kuwa ni lake?" Nikamweleza kwamba Gavana Twining wa Waingereza alilirudisha kutoka Ujerumani, likakabidhiwa hapo Kalenga tarehe 19 Juni 1954, wazee wakalipokea. Akasema, "Hiyo ni siku liliporudi. Mimi nimeuliza walijuaje." Sikuwa na jibu, na leo bado sina. Mtoto amekua, swali amebaki nalo.

Sasa shida ni hii. Nimepekua mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, sijaona shahada ya kwanza yenye jina hilo. Kuna akiolojia Dar es Salaam. Hapa Iringa kuna anthropolojia ya utamaduni na utalii, ambayo ingekuwa nafuu kwangu kwa kuwa angelala nyumbani. Kuna zuolojia, jiolojia, udaktari. Ipi itamfungulia mlango wa huko juu? Akikosea hapa mwanzo sina hela ya kumsomesha mara mbili.

Fundi Ipogolo

Mzee, ajira kwanza. Mtoto wa PCB mwenye ufaulu unampelekaje kwenye mifupa? Udaktari basi.

Dada wa Mafinga

Shikamoo mzee. Mimi ni mwenyeji wa Mafinga. Nilisoma zuolojia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikaenda nje kwa uzamili, sasa niko mwaka wa nne wa PhD katika fani hiyohiyo anayoitaka binti. Nitaandika kirefu, mnivumilie, kwa sababu enzi zangu sikuwa na wa kumuuliza.

Nianze na jina, maana litampotezea muda. Wamarekani wanaigawa anthropolojia katika matawi manne: utamaduni, lugha, akiolojia na maumbile. Hilo la nne siku hizi wanaliita zaidi anthropolojia ya kibiolojia, na hata chama chao kikuu kimebadili jina kufuata hivyo. Akitafuta vyuo kwa jina moja tu, nafasi nyingi hataziona. Uingereza mambo haya mara nyingine yako chini ya anatomia au akiolojia. Afrika Kusini wataalamu wengi wa mifupa wako kwenye idara za anatomia za vitivo vya udaktari. Kwa hiyo kutokuona jina hilo kwenye mwongozo wa TCU kusikutishe. Kinachoangaliwa ni masomo yaliyo ndani ya digrii.

Msimamo wangu: shahada ya kwanza iwe yenye biolojia nzito. Nadharia za anthropolojia atazisoma mwenyewe, na huko juu atafundishwa upya mwaka wa kwanza hata kama alishazisoma. Jenetiki, anatomia linganishi na takwimu hazisomeki hivyo. Ni masomo yanayopandiana kama matofali, ukiruka kozi moja ya chini ukuta unapinda. Nina wenzangu wenye akili kunizidi walioingia na digrii za sanaa, wakalazimika kurudi kukaa na watoto wa mwaka wa kwanza kujifunza urithi wa vinasaba, huku saa ya ufadhili wao inahesabu.

Swali la binti yako lina jibu, na jibu lenyewe ndilo linaloonyesha kwa nini nasema haya. Twining hakwenda Bremen kubahatisha. Alipima vichwa vya jamaa wa Mkwawa, upana wa kichwa kwa urefu wake, akapata uwiano. Kwenye makumbusho ya Bremen akaonyeshwa mafuvu, akatafuta yenye uwiano unaokaribiana na ule, na mojawapo lilikuwa na tundu la risasi. Ndilo alilochagua. Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898, kwa hiyo alama ile ilikuwa na uzito.

Lakini ule uwiano peke yake haumtambui mtu. Watu wasiohesabika, wa makabila tofauti kabisa, wanao uwiano huohuo. Unaweza kusema "huenda ni yeye", huwezi kusema "ni yeye". Sisemi fuvu si lake. Wazee walilipokea, limelala nyumbani, na heshima yake iko palepale. Nasema tu kwamba mtoto wa darasa la tano aliona pengo ambalo watu wazima tulilipita bila kuliona.

Sasa linganisha na Berlin. Kule kuna mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa Wajerumani, mengi yakiwa ya Rwanda na zaidi ya 200 ya Tanganyika. Watafiti walipekua nyaraka kwanza, kisha wakachukua vinasaba kwenye mafuvu machache na kuvilinganisha na vya familia zilizo hai. Mwaka 2023 wakatangaza kwamba mafuvu matatu yamepata ndugu zao hapa Tanzania, mojawapo likiwa la mshauri wa Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa Moshi. Kati ya kipimo cha Twining na hiki cha 2023 kuna vitu viwili, jenetiki na takwimu. Hivyo ndivyo binti aende chuo kuvitafuta. Natamani sana siku moja ripoti ya namna ile isainiwe na mtu aliyekulia Kalenga.

Mzee wa Kalenga

Marahaba mwanangu. Nimesoma mara mbili. Nimemwita aje asome mwenyewe, kakaa na simu yangu nusu saa, kaniambia tu, "Nilijua."

Mchekecha Udongo

Kamwene mzee, kamwene dada. Dada nimekuelewa, ila hapo uliposema anthropolojia na uwandani vije vyenyewe baadaye, sikubali.

(Nimekusoma tena, hukutaja uwandani kabisa. Ndiyo hoja yangu.)

Mimi nimesoma akiolojia, na kabla ya hapo nilikuwa kibarua wa kuchekecha udongo kwenye machimbo ya watafiti hapa Iringa. Jino likitoka ardhini bila kujulikana limetoka tabaka gani, limelala na nini, juu yake kuna nini, ni jino tu. Unaweza kulipima mpaka uchoke. Aliyesomea maabara peke yake analetewa vitu kwenye mfuko na kuamini kilichoandikwa juu ya mfuko.

Tena kwetu kuna nini? Isimila hapo, kilometa kama 20 ukishika barabara ya Mbeya. Mwaka 1951 kijana wa shule akisafiri kutoka Afrika Kusini kwenda Nairobi ndiye aliyeokota zana pale. Clark Howell, mwanaanthropolojia wa Marekani, na wenzake wakachimba 1957 na 1958. Mashoka ya mkono ya mawe yapo tele, yamekadiriwa kufika miaka 260,000, na mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha toweka ilipatikana. Mifupa ya waliochonga mashoka hayo haijaonekana. Nani ataitafuta?

Nenda Magubike. Timu ya Profesa Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta ilipata meno ya binadamu wa Zama za Mawe za Kati. Nenda Mlambalasi, palepale alipofia Mkwawa: ndani ya pango la mwamba wamepata mifupa ya watu waliozikwa zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita. Fikiri, mwamba mmoja una kaburi la Mtwa na makaburi ya watu ambao hata lugha yao hatuijui. Na kwenye timu zile Watanzania wamesoma wakafika juu. Dk. Pastory Bushozi alifanyia PhD yake Alberta, sehemu ya kazi yake ikiwa ni zana za Magubike hizo.

Akisoma akiolojia Mlimani atachimba kabla hajamaliza digrii. Atajua kibali cha utafiti kinaombwaje, atajua kuongea na mwenyekiti wa kijiji na bibi mwenye shamba. Hayo chuo cha nje hakitamfundisha.

Dada wa Mafinga

Kaka, hapo umenishika, nakubali. Niliandika kama mtu wa maabara. Ngoja nirekebishe: abaki na biolojia darasani, ila likizo zote zisiishie nyumbani. Mimi mwenyewe kilichonipa udahili nje hakikuwa GPA. Ilikuwa tafiti ya mwaka wa mwisho pamoja na wiki sita nilizojitolea kusafisha na kuandika namba kwenye mifupa ya wanyama, kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Mkufunzi aliyenisimamia aliandika barua inayonieleza jinsi ninavyofanya kazi. Barua za walionifundisha darasani zilisema nilipata alama gani tu, jambo ambalo cheti kilishalisema.

Na kwa kuwa umemtaja Howell: yeye alikuwa mwanafunzi wa Sherwood Washburn, na ni mwaka uleule wa 1951, zana za Isimila zikiokotwa, Washburn aliandika akiwataka wenzake waache kupanga watu kwa maumbo ya vichwa na waende kwenye mageuzi, jenetiki na namna mwili unavyofanya kazi. Howell aliyetoka kwenye shule ya mawazo hayo ndiye aliyekuja kushika sululu kwenye korongo la Isimila. Kwa hiyo mimi na wewe hatujapishana sana.

Mwana Rungwe

Ugonile. Huku Mbeya tuna yetu pia, msiishie Iringa. Mimi ni mtu wa miamba.

Bonde la Ziwa Rukwa, kwenye miamba inayoitwa Nsungwe, timu ya Nancy Stevens wa Chuo Kikuu cha Ohio ilitangaza mwaka 2013 taya la nyani mkubwa asiye na mkia, na jino la nyani wa kundi jingine lenye mikia. Wakaviita Rukwapithecus na Nsungwepithecus. Umri wake ni miaka milioni 25, ndiyo visukuku vya zamani kuliko vyote vya makundi hayo mawili wakati vinatangazwa. Umri ulijulikana kwa majivu ya volkano yaliyolala katikati ya matabaka. Bila jiolojia ungekuwa na taya zuri lisilo na tarehe.

Msidharau jiolojia basi. Profesa Jackson Njau, Mtanzania wa Olduvai, yuko idara ya sayansi ya dunia Chuo Kikuu cha Indiana. Na ng'ambo ya mto Songwe kule Karonga, Malawi, wamepata taya la binadamu wa kale sana. Bonde halikuishia mpakani.

Swali la haraka kwa binti: anapenda mifupa iliyokufa tu, au na wanyama walio hai? Kwa sababu kwenye msitu wa Mlima Rungwe na Kitulo yupo kipunji. Wawindaji wa huku walimjua kwa jina miaka yote. Wanasayansi wamemtangaza mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake. Kujifunza tabia za nyani na tumbili nayo ni sehemu ya fani hii. Mafunzo ya vitendo anaweza kuyafanyia huku, au Udzungwa ambako kuna mbega wekundu na tumbili wa Sanje wasiopatikana kwingine duniani.

Mzee wa Kalenga

Anasema yote mawili. Jibu la mtoto.

Lishe Njombe

Naomba niingie, kwa sababu kuna sehemu ya fani hii hamjaigusa na mimi ndiyo inayoniuma.

Ninafanya kazi ya lishe vijijini. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha udumavu Iringa ni asilimia 57 ya watoto chini ya miaka mitano, Njombe na Rukwa asilimia 50. Hii ni mikoa inayolisha nchi. Mahindi, viazi, maharage, maziwa, parachichi, yote tunayo, na watoto wetu ni wafupi kuliko inavyopasa kwa umri wao. Kila mkutano tunaambiwa tatizo ni elimu ya mama. Nimekaa na hao akina mama. Wanaamka saa kumi alfajiri, wanashinda shambani, mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba na uji mwepesi. Elimu ya lishe wanayo, wanakosa saa za kuitumia.

Kupima ukuaji wa watoto, kutofautisha kinachotokana na urithi na kinachotokana na chakula, magonjwa au kazi za mama, ni kazi ya anthropolojia ya kimaumbile tangu zamani. Hata mifupa ya kale inasomwa hivyo: meno ya mtu mzima hubaki na mistari inayoonyesha kwamba utotoni aliumwa sana au alilala njaa. Mtu anayeweza kusoma mistari ile kwenye meno ya Mlambalasi na pia akaja kukaa na mama wa Makete akamuuliza siku yake inavyokwenda, huyo simpati ofisini kwangu. Daktari anamtibu mtoto aliyefika. Mimi nahitaji mtu wa kunieleza kwa nini kijiji kizima kimepungua kimo.

Mzee, mwonyeshe mama yake ujumbe huu.

Mteule wa Udaktari

Niko kwenye mafunzo kazini hospitalini, Mbeya. Niseme neno la haki kwa upande wa udaktari, kwa sababu si njia mbovu. Hakuna mahali utakapojifunza mwili wa binadamu vizuri kuliko chumba cha anatomia. Fuvu la Zinj, jamaa wa kale wa binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959 lilikuja kuelezwa kwa kina na Phillip Tobias wa Johannesburg, ambaye alikuwa amesomea udaktari. Lakini ni miaka mitano na mmoja wa mafunzo kazini, na ukishavaa koti jeupe ukoo wote unakutegemea. Kurudi kuwa mwanafunzi hapo ni vita. Kama moyo wa binti hauko kwa wagonjwa, wagonjwa watalijua. Mimi nawaona wenzangu wa hivyo kila zamu.

Mzee wa Kalenga

Wakuu, Mungu awabariki. Mama yake amesoma. Alipofika kwa Lishe Njombe alinyamaza muda. Mdogo wake wa mwisho kijijini ana mtoto wa namna hiyo.

Amebaki na maswali mawili. Nani atalipa huko nje? Na lile la Fundi Ipogolo, atakula nini asipofika PhD?

Dada wa Mafinga

Mwambie mama shikamoo.

La kwanza. Marekani PhD nyingi unaomba moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza, na idara nzuri ikikuchukua hulipia ada na kukupa posho, nawe unafundisha wanafunzi wa chini au unasaidia utafiti. Ikikupa nafasi bila hela, usiende. Uingereza uzamili ni mwaka mmoja, ila pesa ni kazi kuipata. Leakey Foundation wana ufadhili wa Baldwin hasa kwa wanafunzi wa nchi zenye mambo ya kale kama yetu, na Wenner-Gren wamekuwa na wa Wadsworth kwa Waafrika wanaotaka PhD. Vyuo vya Afrika Kusini, Wits na Cape Town, asiviache, ni karibu na mifupa ipo.

Mimi mwaka wa kwanza nilikosa kila mahali. Niliomba vyuo sita bila kumwandikia profesa hata mmoja, nikidhani inafanana na kuomba kwa TCU: unajaza, unasubiri. Haifanani. Kule anakuchukua mtu, siyo ofisi ya udahili peke yake. Mwaka uliofuata nilisoma makala za maprofesa wanne, nikamwandikia kila mmoja aya tatu nikimweleza swali langu na kwa nini ni lake pia. Wawili walijibu. Binti yako ana swali tangu darasa la tano, asilipoteze. Aanze kuliandika daftarini kuanzia sasa, na kila kozi atakayosoma ajiulize imemsogeza wapi.

Darasani: jenetiki, mageuzi, anatomia ya wanyama wenye uti wa mgongo, ikolojia, na takwimu kila anapoona nafasi. Ajifunze R, programu ya kompyuta ya takwimu, ni ya bure. Akiruhusiwa kuchukua kozi za hiari, achukue za akiolojia, na moja ya jiolojia. GPA ishike daraja la pili la juu kwenda juu. Na aandike Kiingereza kila wiki, kwa sababu maombi yote ni insha.

La pili. Mwenye zuolojia na takwimu hafi njaa: hifadhi, utafiti wa afya, takwimu za lishe, kufundisha baiolojia. Hiyo ni sababu yangu nyingine ya kutochagua digrii yenye jina zuri na mlango mmoja. Ile ya anthropolojia ya utamaduni hapo Iringa ni nzuri kwa anayetaka utamaduni na utalii. Kwake yeye, kulala nyumbani kutamgharimu zaidi baadaye.

Fundi Ipogolo

Nimesoma uzi wote. Mzee, naondoa nilichosema mwanzo.

Mzee wa Kalenga

Tumekaa jana usiku, wanne. Chaguo la kwanza zuolojia Mlimani, la pili akiolojia, la tatu udaktari, hilo la mama, na binti amekubali liwepo. Mama yake amemwambia akipata la kwanza atamuuzia ng'ombe mmoja wa nauli na vyombo.

Jumamosi tunakwenda Isimila wote. Hajawahi kushuka kwenye lile korongo, tumekuwa tukipita tu na basi la Mbeya. Ameniambia nimuulize Mchekecha Udongo: msimu wa kuchimba ukianza, wasichana wanapokelewa kwenye kazi ya kuchekecha, hata bila malipo?

Mchekecha Udongo

Wanapokelewa, na wana subira kuliko sisi. Kuna jino dogo la Magubike ungelipita ukadhani ni kokoto. Nitumie namba kwa ujumbe wa siri. Aje na kofia, viatu vinavyofunika vidole, na sweta. Asubuhi baridi ya huko mnaijua.